Mahari Yangu Imeshuka Bei

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia likiwa limeshafungiwa karanga, nakuhurumia na nakukumbusha kwa kifupi. Mimi ni Chediel, mchuuzi wa kuku wa kienyeji hapa Utemini, Singida mjini. Nampenda Eliana, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mzee Mughwai wa Unyambwa. Mzee alitaka ng'ombe ishirini. Ng'ombe wa ukoo wetu kule Nduguti walishakwenda kuwaolea kaka zangu wanne, na mimi kitinda mimba niliachiwa kamba.

Nikampa gari.

Tena gari la umeme, lile nililonunua baada ya kuuza kiwanja. Majirani walilibatiza Bubu kwa kuwa halina sauti. Mzee Mughwai aliingia ndani, akashusha kioo, akapandisha, akashusha tena, akasema, "Huyu ni ng'ombe kumi na tisa. Ongeza beberu." Nikaongeza beberu. Bubu akaingizwa zizini katikati ya ng'ombe, maana kwa mzee mahari ambayo haijalala zizini bado haijapokelewa.

Lakini Mzee Mughwai ni mfugaji wa damu, na mfugaji wa damu hapendi mali yake ihesabiwe na mtu. Nusu ya ng'ombe wake ukiwaulizia utaambiwa ni wa watoto, wa shemeji, wa dada. Kwa hiyo jina lake hakutaka liandikwe kwenye kadi ya gari. "Andika la Eliana," akasema. Tukaandika la Eliana, tukanywa chai, tukasahau.

Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani Jumapili ya kwanza, yakasomwa ya pili. Kabla ya ile ya tatu, kampuni iliyoniuzia gari nayo ikatoa tangazo lake: Bubu na ndugu zake wote wa toleo lile warudishwe Dodoma, betri inapata joto kupita kiasi ikichajiwa. Hapo ndipo nilipowaacha, nimekaa juu ya tenga la kuku, simu mkononi.

Simu ikaita. Nikadhani ni kampuni. Alikuwa Mzee Mughwai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umesikiliza redio?"

"Bado, baba."

"Sikiliza, halafu uje. Uje na mshenga wako."

Akakata.

Nikakimbilia kwa kinyozi wa jirani, mwenye redio isiyozimwa. Nikakuta kampuni ile ile inatangaza tena, safari hii kwa furaha na muziki: magari yote mapya ya umeme sasa ni nusu bei.

Kinyozi akasimamisha mashine kichwani kwa mteja, akanitazama kwa huruma. "Chedi, ungesubiri wiki mbili tu, ungeoa wawili."

Mteja akacheka mpaka akanyolewa vibaya.

Mshenga wangu ni Mjomba Laurian, mtu mwenye maneno mengi na meno machache. Tulipanda bodaboda moja hadi Unyambwa, yeye akinisemesha begani njia nzima. "Mimi nimeoza watu wa Iramba, nimeoza watu wa Manyoni. Huyu mzee namweza. Wewe kaa kimya tu, uonekane una uchungu."

Uchungu nilikuwa nao wa kutosha.

Mzee Mughwai alikuwa kwenye kigoda mlangoni pa zizi. Pembeni yake Mama Dorkas, mama yake Eliana, anachambua mboga, na Shangazi Sikudhani, dada wa mzee, ambaye hachambui kitu isipokuwa watu. Ndani ya zizi Bubu alikuwa ametulia, mbuzi wamejilaza chini yake, kuku amekaa juu ya boneti.

Tukasalimia, tukasalimiwa. Mzee hakutupa hata maji.

"Laurian, wewe ni mtu mzima. Nilipokea ng'ombe wangapi?"

"Kumi na tisa na beberu."

"Leo wako wangapi?"

Laurian akachungulia zizini. "Gari ni lile lile, mzee."

"Sikuulizi gari, nauliza ng'ombe. Redio imesema nusu. Nusu ya kumi na tisa ni tisa na nusu. Na nusu ng'ombe si ng'ombe, ni nyama."

"Mzee..."

"Tisa. Tisa ni wa kubishia hodi. Binti yangu ana diploma."

Mjomba Laurian akakohoa kidogo, kikohozi chake cha kazi.

"Tuulizane kifugaji. Ng'ombe wa mahari akishaingia zizini kwako akakonda, amekonda kwa nani?"

"Kwangu."

"Bei ya ng'ombe ikianguka mnadani, mkwe huitwa aongeze?"

"Haitwi," mzee akakubali kwa shida. Mama Dorkas aliinamia mboga zake, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Nikajua tumeshapita. Nikaanza kumwona Eliana na shela lake, nikajiona na suti, nikaona hata keki. Nilikuwa nimefika kwenye kukata keki pale Shangazi Sikudhani alipofungua mdomo.

"Kaka, huyo hajakonda. Huyo ni mgonjwa. Kampuni yenyewe imesema alitoka kwao na ugonjwa wake. Ng'ombe wa mahari akiletwa mgonjwa hufanywaje?"

Jambo hilo halina mjadala, linajulikana kwa kila mwenye zizi: mgonjwa hurudishwa alikotoka, na mzima huletwa mahali pake.

Mzee Mughwai akanyooka kwenye kigoda, amerudiwa na ujana. "Mmesikia. Ondoeni mgonjwa wenu. Jumapili tangazo la tatu likisomwa, na mchungaji akiuliza nani ana pingamizi, kama humu zizini hamna mzima, mimi nitasimama. Na mnajua nikisimama huwa sikai upesi."

Tunajua. Aliwahi kusimama kwenye harambee ya bati, watu wakala chakula cha mchana saa kumi.

Ndipo simu ikaita tena. Safari hii ilikuwa kampuni kweli. Nikajitenga kando ya zizi.

"Naongea na kaka Chediel? Naitwa Janeth, napiga kutoka Dodoma kuhusu gari lako kurudishwa. Tunarudisha bei uliyonunulia, au unachukua gari jipya kwa bei ya sasa na kinachobaki ni chako. Mwisho Ijumaa, na aje mwenye jina."

"Dada Janeth, rudia hapo. Mnarudisha bei niliyonunulia. Ile ya zamani?"

"Ile ile."

"Na gari jipya nalipata kwa bei ya redio?"

"Ndiyo, kaka."

"Kwa hiyo gari moja..."

"Linakuwa mawili ukipenda. Wateja wengi wanachukua mawili."

Nikamtazama Bubu. Bubu akanitazama kwa taa zake. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Wangu alikuwa na mimba, na mwenye zizi amenifukuza niondoke naye.

Ndugu zangu, mimi si mwigizaji, lakini siku ile nilistahili kombe. Niliurudia mkutano kwa mwendo wa mfiwa.

"Baba," nikasema kwa sauti ya chini, "nimekubali. Mgonjwa namrudisha."

"Vizuri. Mbele ya watu hawa, tangu sasa si wangu. Ni wako mpaka uniletee mzima."

Mjomba Laurian akataka kupinga. Nikamfinya paja mpaka akameza maneno.

Eliana akatokea wakati huo anatoka shuleni, vumbi la chaki kwenye mikono. Pale nyumbani kwao ni yeye peke yake anayejua kuendesha. Tangu Bubu aingie zizini, ndiye aliyekuwa anamtoa na kumrudisha, anapeleka wagonjwa, anapeleka akina mama sokoni.

"Mmemalizana?" akauliza.

"Tumemalizana," nikasema. "Kesho omba ruhusa, peleka gari Dodoma. Jina ni lako. Dada Janeth atakueleza kila kitu."

"Na mimi kwenye hiyo hesabu yenu nipo wapi?"

"Wewe ndiye hesabu yenyewe," nikamjibu, nikatabasamu. Niliona ni neno tamu sana.

Eliana alinitazama kidogo, kama anavyomtazama mtoto aliyejibu haraka kabla ya kusikia swali. Halafu akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Alhamisi akaondoka. Mimi nikabaki Utemini nikifanya mambo ya mtu aliyerogwa na furaha. Nilimwimbia jogoo. Nilimpa kinyozi kuku bure, akaniuliza kama kuku huyo anaumwa. Kichwani tayari nilikuwa na gari la pili nje ya geti, limefungwa maua, nalikodisha kwa maharusi wa mkoa mzima, na Eliana amekaa mbele pembeni yangu.

Siri nilimwambia mtu mmoja tu, Mjomba Laurian. Na mjomba naye alimwambia mtu mmoja tu, mama wa supu, kwa sauti ya kusikika na meza nne.

Ijumaa mchana bodaboda ikaja kuniita Unyambwa.

Safari hii uwanja ulikuwa umejaa. Majirani walikuja na viti vyao.

"Mkwe," Mzee Mughwai akaanza kwa upole ulioniogofya kuliko ukali, "nasikia mgonjwa kazaa."

"Baba, ni habari za kampuni tu..."

"Ndama ni wa nani?"

Mjomba Laurian akajitosa. Alijua yeye ndiye aliyemwaga mtama. "Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mzee, ulisema hapa hapa, mbele ya dada yako, si wako tena."

"Haya," watu wakasema.

Shangazi Sikudhani akasimama, akajifunga kitenge upya. "Tuulizane. Mimba iliingia lini? Redio ilitangaza nusu bei gari likiwa wapi? Likiwa humu. Mbuzi wetu wamelala chini yake. Ng'ombe akipandwa zizini kwangu, ndama ni wangu hata akizaliwa njiani."

"Haya," watu wakasema tena, kwa nguvu zaidi.

"Na dume lilikuwa la nani?" Laurian akauliza.

"La kampuni."

"Basi tumpe kampuni ndama wake, au?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mpaka mzee mwenyewe akacheka, akajizuia, akashindwa, akacheka tena. Kuna jirani aliyependekeza ndama auzwe tule wote. Mwingine akasema achinjwe. Mimi nilikuwa natetea haki yangu kwa vidole kumi, jasho linanitoka. Nikasikia sauti yangu ikisema gari ni jasho langu, kiwanja kilikuwa changu, mimba ni yangu. Ndiyo, nilisema mimba ni yangu.

Mama Dorkas hakuwa amesema neno tangu jambo hili lianze. Akaweka ungo chini.

"Ninyi mnagawana ndama," akasema. "Kamba kashika nani?"

Mzee Mughwai akanitazama. Nami nikamtazama. Tuliliona jina la Eliana kwa wakati mmoja, lile tuliloliandika tukanywa chai.

"Piga simu," mzee akasema. "Weka spika."

Eliana alipokea haraka. Akasalimia kwa heshima zote, mmoja mmoja. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Shikamoo mjomba Laurian." Wakaitikia marahaba kwa zamu.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Dodoma, baba. Nimeshamaliza. Wamenipa mawili."

Mzee akasimama. Mimi nikasimama. Shangazi Sikudhani, aliyekuwa ameshasimama, akakaa.

"Umefanya vizuri," mzee akasema. "Yalete yote."

"Baba, moja linakuja kwako. Dereva wa kampuni yuko njiani nalo. Jeupe, zima. Litalala zizini kabla ya Jumapili. Likishalala, mahari yako imetimia au haijatimia?"

Mzee akamgeukia dada yake. Dada yake akatazama mlima. Mgonjwa amerudi, mzima amekuja. Hapakuwa na pa kutokea.

"Imetimia."

"Sema vizuri, baba, watu wasikie."

"Imetimia. Simdai Chediel kitu. Jumapili sitasimama."

Nilitaka kumrukia mzee nimkumbatie, nikakumbuka ni baba mkwe, nikamkumbatia Mjomba Laurian. Akina mama wakapiga vigelegele. Kila kitu kimekuja pamoja: mke, amani, na ndama wangu.

"Eliana mpenzi," nikasema kwenye simu kwa sauti ya asali, "na la pili?"

"La pili nimelikalia."

"Njoo nalo polepole basi, barabara ina malori."

"Chedi, hili limeandikwa jina langu."

"Najua, ila tutaliandika..."

"Baba alikataa jina lake, wewe ukakubali langu. Mliliandika kwa sababu mlidhani ni kama kumwandika ng'ombe. Sasa hili si ng'ombe wa baba na si ndama wako. Ni gari la Mwalimu Eliana."

Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Hata mimi nina neno," akaendelea, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Siku zote hizi mmeulizana ng'ombe wangapi, bei gani, mimba ya nani. Nimeendesha kutoka Singida mpaka Dodoma peke yangu na betri mgonjwa, kila kilima nanusa kama linaungua. Hakuna aliyepiga kuuliza kama nimefika. Hata wewe, Chedi."

Ni kweli. Sikupiga. Nilikuwa namwimbia jogoo.

Niwaambieni ukweli, aibu niliyoisikia pale haikuwa ya watu wale waliokuja na viti vyao. Nilimpenda Eliana kabla sijajua baba yake ana zizi. Nilimpenda akiwa anabishana nami bei ya kuku mmoja wa sikukuu, akanishinda, akaniongezea hela ya nauli kwa huruma. Na hapo katikati nilimwacha mahali fulani, nikaendelea na gari.

"Eliana," nikasema, "nisamehe."

"Baba kashalipwa. Mimi sijaposwa. Nalala Manyoni kwa mama mdogo Raheli, ndiko nachaji. Kama una la kuniuliza, njoo uniulize mimi. Usije na mshenga. Na Jumapili mchungaji akiuliza pingamizi, baba kasema hatasimama." Akavuta pumzi. "Mimi sijasema kama nitakaa."

Simu ikakatika.

Mjomba Laurian akavua kofia, kazi yake imekwisha. Majirani wakaanza kubeba viti. Nilikuwa nimebaki katikati ya uwanja bila gari, bila ndama, bila neno. Ndipo Mzee Mughwai akaingia zizini, akatoka anavuta kitu.

"Mkwe," akasema, na kwa mara ya kwanza hakunitazama usoni. "Mama yake nami nilimfuata hivi hivi, baada ya wazee kumaliza yao. Usiende mikono mitupu."

Akanikabidhi kamba ya beberu.

Jumamosi asubuhi Obadia, dereva wa fuso linalobeba kuku wetu, alinipandisha mbele na beberu tukamfunga nyuma katikati ya matenga. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilipofika Ikungi nilikuwa na hotuba. Nilipokaribia Manyoni nilikuwa na sentensi mbili. Obadia akaniomba nizijaribu kwake, nikazijaribu, akasema hata yeye angekataa.

Kwa Mama Raheli palikuwa na gari la buluu jipya, waya unatoka dirishani mpaka kwenye ubavu wake. Eliana alikuwa amekaa kibarazani anakunywa chai. Akaniona. Akamwona beberu. Mdomo wake ukatetemeka upande mmoja, sikujua kama ni kilio au kicheko.

"Uliza," akasema.

Hotuba ikatoroka. Sentensi mbili zikaifuata.

"Ulifika salama?" nikauliza.

Eliana akaweka kikombe chini. Halafu akasimama, akachomoa waya, akaukunja taratibu, akaja mpaka nilipo, akaichukua kamba mkononi mwangu.

"Nilifika salama," akasema.

Akafungua mlango wa nyuma, akampandisha beberu kwenye kiti kipya ambacho kilikuwa bado na nailoni, akafunga mlango. Nikazunguka upesi upande wa pili, nikashika kitasa. Kilikuwa kimefungwa.

Eliana akashusha kioo kidogo. "Jibu utalisikia kanisani kesho, pamoja na watu wote. Uwahi."

"Eliana, Singida ni mbali, na Obadia ameshaondoka."

"Mimi nilikwenda mbali zaidi," akasema, na sasa nilikuwa na hakika kabisa kwamba anacheka, au karibu kabisa.

Gari likaondoka bila sauti hata kidogo, likashika barabara ya kwenda Singida, na beberu wangu akinitazama kupitia kioo cha nyuma.